Kabla Hujauliza Pesa Zimekwenda Wapi

Nyumba nyingi hugundua kamari kwa njia zinazofanana. Inaingia simu ya mtu anayedai. Mtoto anarudishwa kutoka shuleni kwa ada ambayo baba alisema amekwisha lipa. Siku ya kugawana inafika na mweka hazina wa kikoba hana cha kuonyesha. Mwanafunzi wa chuo anaomba nauli wiki moja tu baada ya boom, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, kuingia. Swali la kwanza linalowatoka watu mdomoni ni pesa zimekwenda wapi. Ni swali la haki na lina wakati wake, lakini ninachotaka kukuomba katika makala haya ni uliahirishe. Kabla yake kuna swali jingine, zito na gumu kulitamka: je, huyu aliye mbele yangu amefika mahali pa kutaka kufa? Mtu aliyetekwa na kamari yumo katika hatari kubwa ya kujiua kuliko wanavyodhani watu wengi, na saa ambazo siri yake inafichuka huweza kuwa miongoni mwa saa zake mbaya kuliko zote. Familia inayojua hivyo itayapanga maneno yake namna nyingine.

Ushahidi upo, na si haba. Nchini Uswidi, watafiti Anna Karlsson na Anders Håkansson walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya 2,000 ambao madaktari walithibitisha kuwa wana ugonjwa wa kamari kati ya mwaka 2005 na 2016. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa, kwa watu wa miaka 20 hadi 74, kujiua katika kundi hilo kulikuwa mara 15 ya kule kwa wananchi wengine. Mtu makini atasema hao ni wagonjwa waliokwisha kufika hospitali, kwa hiyo ni wale waliozidiwa. Ni kweli. Ndiyo maana naupa uzito utafiti wa Heather Wardle na Sally McManus wa Uingereza, uliotoka mwaka 2021 katika jarida la Lancet Public Health. Wao hawakuchukua wagonjwa. Waliwahoji vijana 3,549 wa kawaida wenye umri wa miaka 16 hadi 24. Wanaume waliokuwa na tatizo la kamari walikuwa na uwezekano wa mara 9 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua katika mwaka uliotangulia, na wanawake karibu mara 5. Hong Kong nako, wataalamu waliochunguza maisha ya watu 150 waliojiua waligundua kuwa 17 kati yao walikuwa waraibu wa kamari, na wote 17 walikufa wakiwa na madeni yaliyowashinda. Sehemu tatu, njia tatu tofauti za kuchunguza, na zote zinanyoosha kidole upande mmoja.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni ya Ulaya na Asia, na sisi tuna ndugu, majirani na dini za kutushika. Ningependa iwe hivyo. Lakini tuziangalie hali zetu bila kujificha. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 uliohoji vijana wa nchi kadhaa za Afrika uliikuta Kenya ikiongoza, ambapo vijana 76 kati ya kila 100 walisema wamewahi kucheza kamari. Huku kwetu kasino ipo mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mshahara, akiba, mkopo na dau vimekuja kukaa ndani ya simu moja, na kutoka kimoja kwenda kingine ni suala la kubonyeza. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mtu kutumia pesa ambayo hanayo kabisa. Mwaka huohuo Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kenya, alisema vijana wapatao 500,000 wameingizwa katika orodha ya wasiokopesheka kwa mikopo waliyoipeleka kwenye kamari, na serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti. Uamuzi ule ulitikisa biashara hiyo kwa muda tu. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari Kenya ililazimika kusimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwezi Agosti mwaka huo sheria mpya ya udhibiti wa kamari ikasainiwa. Nchi haibadilishi sheria yake ya mwaka 1966 kwa sababu ya mchezo usio na madhara.

Na kama tunasikia kidogo kuhusu vifo vya namna hii, tusichukulie kwamba ni vichache. Familia huficha kwa aibu, na sheria nayo ilisaidia kuficha. Kenya iliwahesabu waliojaribu kujiua kuwa wahalifu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kifungu chake pia, cha 217. Mzazi anayeogopa polisi ataandikisha ajali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka duniani, walio wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Huo ndio umri unaojaa katika vibanda vya kubeti.

Sasa, kwa nini kamari? Wapo wengi wanaopoteza mali kwa ukame, kwa moto au kwa biashara kuanguka, wakalia, wakapokea michango ya majirani, wakaanza upya. Tofauti ni kwamba aliyeunguliwa nyumba haoni haya kusema imeungua. Anayebeti hupoteza peke yake, kimyakimya, na kila hasara humdai uongo wa kuifunika. Mapitio ya tafiti kuhusu kamari na kujiua yaliyochapishwa mwaka 2022 na Virve Marionneau na Janne Nikkinen wa Finland yaliona njia kuu mbili zinazomfikisha mtu huko: deni na aibu. Mimi naamini aibu ndiyo inayolifanya deni liue. Deni la shilingi laki tisa linahesabika na linaweza kugawanywa kwa miezi. Kuonekana mwizi na mama yako mzazi hakugawanyiki.

Mchezo wenyewe nao umetengenezwa kumrudisha mtu. Jakipoti ya mechi 17 humwacha aliyepatia 15 akiamini kwamba alikaribia, ingawa hakukaribia chochote; mkeka, yaani orodha ya mechi alizobetia, uliochanwa na mechi moja huumiza na papo hapo huahidi. Zamani mchezaji alisubiri Jumamosi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kwa hiyo alikuwa na siku tano za kupoa. Leo kuna kandege, yaani mchezo wa Aviator, ambao mzunguko mmoja huisha kwa sekunde chache na haulali usiku wala mchana. Mtu anaweza kuanza saa nne za usiku akiwa na mshahara kamili na kufika alfajiri akiwa amemaliza mshahara, amemaliza kiwango cha Songesha, mkopo wa simu kama Fuliza, na amekopa kwa watu wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kubwa. Kufukuzia hasara kwa kasi hiyo, bila usingizi, na mara nyingi huku pombe imo, kunampokonya mtu nafasi ya kuona kwamba kesho ipo.

Kuna pingamizi la kitaalamu ambalo sipendi kuliruka. Huenda sonona ndiyo inayotangulia: mtu amekata tamaa kwanza, akakimbilia kubeti, na baadaye tunailaumu kamari bure. Katika ule uchunguzi wa Hong Kong, 14 kati ya wale 17 walikuwa na sonona kali, kwa hiyo hoja hii ina msingi. Lakini Wardle na McManus walipoyaondoa kwa hesabu yale yanayoweza kuwa chanzo kingine, yakiwemo wasiwasi, papara na kutoridhika na maisha, uhusiano wa kamari na kujaribu kujiua ulipungua ila haukutoweka. Kwa familia iliyoketi sebuleni na tatizo hili, ubishi wa kipi kilianza haubadilishi la kufanya usiku huu. Unabadilisha matibabu ya baadaye tu: vyote viwili vitibiwe, kwa sababu kumwondoa mtu kwenye simu huku sonona ikibaki ni kazi nusu, na dawa za sonona bila kuifunga njia ya kamari nazo ni kazi nusu.

Pingamizi la pili husikika zaidi mitaani na misikitini na makanisani: ni tamaa tu, na tamaa haitibiwi, inakemewa. Kamari imekatazwa wazi katika Qur'ani, sura ya tano, ikitajwa pamoja na ulevi, na wahubiri wa Kikristo nao huikemea; sina nia ya kuwapinga viongozi wa dini kwa hilo. Ninachosema ni kwamba kukemea tendo na kumwokoa mtendaji ni kazi mbili. Tangu mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kimeuweka ugonjwa wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Upo hata ushahidi wa kushangaza kutoka kwa wagonjwa wa Parkinson: baadhi ya dawa zao, zile zinazochochea kemikali ya dopamini kwenye ubongo, zimewafanya watu wazima wenye heshima zao, ambao hawakuwahi kucheza, kuanza kucheza kamari bila kujizuia, na wengi wao huacha kucheza dawa hiyo inapopunguzwa au kubadilishwa. Tabia inayoweza kuwashwa na kuzimwa na kidonge haiwezi kuwa suala la maadili peke yake. Shehe, mchungaji au mzee wa ukoo atakayeitwa nyumbani aelezwe hivyo mapema, maana neno moja la laana kutoka kwake, usiku mbaya, lina uzito kuliko maneno mia ya jirani.

Tuje basi kwenye mazungumzo yenyewe. Umegundua. Moyo unawaka. Kama unaweza, usianze hapohapo mbele ya watoto au mbele ya anayedai. Mtoe pembeni, mkae, na umwambie unachokijua bila kumtega: nimeona ujumbe wa mkopo, najua kuhusu kubeti, na sijaja kukufukuza. Kisha muulize. Tumia neno lenyewe. "Katika haya yote, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ufe? Umewahi kufikiria kujiua?" Kusema kwa mafumbo, kama vile kumwambia asije akafanya ujinga, kunamwambia kwamba wewe mwenyewe hutaki kusikia jibu. Wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo imechunguzwa: mapitio ya tafiti 13 yaliyotoka mwaka 2014 hayakukuta kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua. Kwa aliyekuwa akilibeba peke yake, mara nyingi swali ndilo mlango wa kwanza kufunguliwa.

Akijibu kwamba hajawahi kuwaza hivyo, mshukuru, na ujue utauliza tena wiki ijayo. Akisema ndiyo, au akanyamaza kwa namna unayoielewa, mambo ya pesa yafungwe kwa siku hiyo. Mwulize kama ameshapanga lini na vipi. Asiachwe peke yake usiku huo. Alale mtu chumba kimoja naye. Dawa za shambani, dawa za hospitali na kingine chochote cha hatari kitolewe nyumbani au kifungiwe mbali, na pombe isiingie. Asubuhi, au usiku uleule ikiwa amekwisha kupanga, apelekwe hospitali. Kuwa na mawazo ya kufa si kosa la jinai, na daktari hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha, kwa hiyo yataje yote mawili kwa pamoja: anacheza kamari, na anafikiria kujiua. Hospitali za rufaa za mikoa na kaunti kwa kawaida zina huduma ya afya ya akili, na juu yazo zipo hospitali za Mirembe Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam, Mathari Nairobi na Butabika Kampala. Tiba ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomrudisha kwenye dau na kuyajibu, imewasaidia wengi. Mtu anapona.

Zipo dalili zinazotaka haraka ya pekee, hata kabla hujagundua lolote kuhusu pesa: anayegawa vitu vyake, anayewaaga watu kwa maneno ya jumla, anayesema familia itapumua akiondoka, au aliyekuwa na dhiki wiki nzima kisha ghafla akatulia bila sababu. Na kama una shaka tu kuhusu kamari, maswali mawili yanayotumiwa na wataalamu tangu miaka ya 1990 yanatosha kuanzia: je, umewahi kuhisi unahitaji kuongeza dau kila mara? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa mojawapo ni sababu ya kuendelea kuzungumza.

Siku mbili tatu zikipita na hatari ya karibu ikipungua, ndipo lije lile swali la pesa, na hapa familia nyingi hukosea kwa wema. Mjomba anauza ng'ombe, deni lote linalipwa kwa siku moja, mkosaji anaapa, wote wanalia, yamekwisha. Yanakuwa hayajaisha. Madeni aliyoyaficha bado yapo, kwa sababu mara ya kwanza hakuna anayetaja yote, na sasa hawezi kuyataja kwa kuwa ng'ombe amekwisha kuuzwa. Akiteleza mara moja, ameingia kwenye aibu kubwa kuliko ya kwanza, na hatari ya kifo imerudi ikiwa na nguvu mpya. Afadhali kwenda polepole. Aandike madeni yote mbele ya mtu mmoja anayemwamini, na aambiwe waziwazi kwamba akikumbuka jingine mwezi ujao atalitaja bila kuitwa mwongo. Anayelipa amlipe mdai moja kwa moja, asimkabidhi mraibu pesa mkononi. Wadai wengi hukubali malipo ya miezi wakifuatwa mapema. Mshahara uende kwa muda kwenye akaunti ya mwenzi au ndugu waliyekubaliana naye, ajitoe kwenye Fuliza, Songesha na nyingine za aina hiyo, na aziandikie kampuni za kubeti zifunge akaunti zake. Anaweza kufungua nyingine, najua. Lakini kila kizuizi kinaongeza dakika, na dakika ndizo anazozihitaji.

Kikao kiwe kidogo. Desturi yetu ya kuita wazee ina hekima yake kwenye mirathi na ndoa, lakini kumsimamisha mtu mwenye hali hii mbele ya ukoo mzima asomewe hasara zake ni kumwongezea kile kile kinachomuua. Watu wawili au watatu wanatosha. Kwa kikundi cha kikoba au chama kilichoibiwa na mweka hazina wake, najua ninaomba jambo gumu: kikundi kina haki ya kudai kila senti, hata kwa sheria. Kidai. Ila kumrekodi video na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp hakurudishi pesa, na maiti hailipi.

Nisieleweke vibaya kwamba mke au mzazi analazimika kubeba kila kitu kwa kuogopa kifo. Wapo wanaotishwa hasa kwa neno hilo: nipe pesa au nitajiua. Tishio hilo nalo lichukuliwe kuwa la kweli, lakini jibu lake ni hospitali, si pesa. Unaweza kumwambia: sikupi hata mia, na sikuachi peke yako usiku huu. Kauli hizo mbili zinakaa pamoja. Na mwanamke anayepigwa au anayemalizwa mali ana haki ya kuondoka na watoto wake kwa usalama, akihakikisha kuna mtu mwingine aliyeambiwa hali ya mume. Yakitokea mabaya baada ya hapo, hatia si yake.

Tusisahau pia kwamba anayecheza anaweza kuwa dada au mama. Wanawake hufichika zaidi, kwa sababu macho ya jamii yanatafuta wavulana wa vibandani huku kandege kakichezwa jikoni. Swali ni lilelile, na huduma ni ileile.

Na kama unayesoma ndiye mwenye deni, na hakuna anayejua: unachokiona usiku huu kama jibu pekee unakiona ukiwa na usingizi mchache na hesabu ambayo umeifanya peke yako. Hakuna mdai mwenye haki ya uhai wako, na waliokupenda kabla ya deni hawatapumua ukiondoka. Chagua mtu mmoja. Huna haja ya kueleza yote. Mwandikie tu kwamba unabeti, umezidiwa, na unaogopa kubaki peke yako. Ukiwa Kenya unaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Tanzania piga 112 kwa dharura, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu nawe na umwambie wa kwanza kukupokea kwamba unafikiria kujiua. Fanya hivyo kabla hujashika tena simu kwa ajili ya dau jingine.